Usaha Katika Kiungo cha Bandia

Ndugu msomaji, wewe ukaaye Kisangani unayajua mawe ya mto. Ukishuka kwenye maporomoko ya Wagenia, waona mawe ambayo maji yamepita juu yake usiku na mchana, tena kwa nguvu kubwa. Lakini ukiyakanyaga, wateleza. Juu ya jiwe pana utando laini, na maji yote ya mto hayawezi kuuondoa. Mtu akitaka jiwe liwe safi, hana budi kulisugua kwa mkono wake.

Ukumbuke utando huo unaposoma habari hizi. Tunataka kukuambia juu ya ugonjwa mgumu unaokaa ndani kabisa, karibu na mfupa, mahali ambapo madaktari wameweka chuma. Wengine wamepoteza mguu kwa ajili yake, na wengine uhai. Lakini wengi wamepona, hasa wale waliokuja mapema na kumaliza dawa zao.

KIUNGO CHA BANDIA NI KITU GANI?

Mahali mfupa mmoja ukutanapo na mwingine ni kiungo. Nyonga ni kiungo, na goti, na bega pia. Kiungo kikiharibika kabisa, daktari mpasuaji aweza kukiondoa na kuweka kingine cha chuma na plastiki ngumu.

Jambo hili lilijaribiwa zamani. Mwaka 1890 mpasuaji wa Berlin, jina lake Themistocles Gluck, aliweka viungo vilivyochongwa kwa pembe za tembo. Wazee wa mji wetu waliijua pembe vizuri, maana biashara yake ilipita hapa katika siku za Tippu Tip. Lakini wagonjwa wa Gluck walikuwa na kifua kikuu cha viungo. Vijidudu vilibaki ndani, usaha ukarudi, na kazi yake ikaharibika. Pembe ilikuwa imara ya kutosha. Vijidudu ndivyo vilivyoshinda.

Mwezi wa Novemba 1962, daktari John Charnley wa hospitali ya Wrightington, Uingereza, aliweka nyonga ya chuma na plastiki iliyoweza kudumu miaka mingi. Hata hivyo, katika miaka ile ya kwanza, wagonjwa wake wapatao 7 katika kila 100 walipata usaha. Charnley hakukubali hali hiyo. Alijenga chumba kidogo chenye hewa iliyochujwa, akawavika wapasuaji nguo za kuwafunika kabisa, akaangalia kila jambo la usafi. Hesabu ikashuka hata chini ya mmoja katika 100. Leo, katika hospitali zenye vyombo vizuri, ni mmoja au wawili katika 100 wanaopata shida hii.

Labda utasema, «Habari hii ni ya Ulaya, sisi hainihusu.» Ngoja kidogo. Ni kweli kwamba hapa Tshopo watu wenye nyonga ya bandia ni wachache, na wengi wao wamepasuliwa mbali. Lakini fikiri juu ya vijana wetu wenye ugonjwa wa SS, yaani selimundu, ambao damu yao hujipinda na kuziba njia ndogo ndogo. Kichwa cha mfupa wa paja chaweza kufa kwa kukosa damu, na kijana wa miaka 20 akatembea kama mzee. Watu wa namna hiyo ndio wanaohitaji nyonga mpya. Nao wenye SS wako katika hatari zaidi ya vijidudu kuingia katika mifupa.

Tena wako wengi waliovunjika mifupa kwa pikipiki, au kwa kuanguka kutoka mti wa mchikichi. Wako waliopigwa na vipande vya mabomu katika vita vya siku sita vya Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana katika mji wetu. Baadhi ya watu hawa wamewekewa vyuma, misumari na skrubu ndani ya mfupa. Kanuni ni ile ile: chuma kilicho ndani ya mwili ni kitu kigeni, na vijidudu hupenda kukaa juu yake.

VIJIDUDU HUINGIA NAMNA GANI?

Viko njia tatu.

Kwanza, wakati wa kupasuliwa, au katika siku za kwanza jeraha lisipokuwa limefunga. Vijidudu vingi vya namna hii hukaa juu ya ngozi yetu wenyewe na ndani ya pua. Kimoja chaitwa stafilokoko. Juu ya ngozi hakitusumbui, lakini kikifika kwenye chuma ni adui mkali.

Pili, kwa njia ya damu. Jino bovu, jipu, kidonda cha mguu, ugonjwa wa mkojo: kila kimoja chaweza kutuma vijidudu katika damu. Damu hutembea mahali pote, na ikifika kwenye chuma vijidudu vyaweza kushuka hapo, kama watu washukavyo kwenye bandari. Jambo hili laweza kutokea hata miaka 10 baada ya kupasuliwa.

Tatu, kwa kutobolewa. Wako watu watiao sindano ndani ya goti nyumbani, bila kujua kazi hiyo wala kuchemsha chombo. Wako wachanjao chale juu ya kiungo kinachouma ili kutia dawa nyeusi. Kila wembe na kila sindano chafu ni mlango uliofunguliwa. Ndugu, usikubali mtu yeyote akutoboe juu ya kiungo chenye chuma, isipokuwa daktari aliye katika chumba safi.

DALILI ZAKE

Ugonjwa huu una sura mbili. Wakati mwingine huja kwa ghafula: kiungo huvimba, kina moto, chauma sana, na mgonjwa ana homa na kutetemeka. Hapo kila mtu aelewa kwamba kuna hatari.

Lakini sura ya pili yadanganya. Hakuna homa. Maumivu yanakuja polepole, hata usiku mtu akiwa amelala. Kiungo chaanza kulegea. Mgonjwa asema, «Ni baridi ya mvua tu,» na miezi yapita.

Uangalie mambo haya:

1. Jeraha la upasuaji ambalo bado latoa maji baada ya siku 7 hadi 10, au lililofunga na kufunguka tena.
2. Maumivu yaliyopungua, kisha yakarudi na kuongezeka.
3. Ngozi yenye moto na kung'aa. Juu ya ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo ugusa kwa mgongo wa mkono, ulinganishe na upande wa pili.
4. Tundu dogo karibu na kovu, litoalo usaha, likifunga na kufunguka. Tundu hili ni alama kubwa. Njia yake huenda hata kwenye chuma.

Ukiona mojawapo, nenda hospitalini siku ile ile au kesho yake. Usianze kumeza antibiotiki za sokoni. Waona, daktari ataka kutoa maji ya kiungo kwa sindano safi, ayapeleke maabara, ili ajue jina la kijidudu na dawa iwezayo kukiua. Kama umekwisha kumeza vidonge nyumbani, vijidudu hujificha, maabara haioni kitu, na daktari hupigana gizani. Lakini mtu mwenye homa kali na hali mbaya, huyo asicheleweshwe. Daktari ataanza dawa upesi.

KWA NINI VIDONGE PEKE YAKE HAVITOSHI?

Sasa urudi kwenye mawe ya Wagenia. Vijidudu vikifika juu ya chuma, katika siku chache hujitengenezea utando. Ndani ya utando huo hukaa kama watu ndani ya nyumba yenye kuta nene. Vingine hulala, havili sana wala havizai. Antibiotiki nyingi huua vijidudu vilivyo macho na vinavyozaliana, vilivyolala huponyoka. Dawa hupita juu yao kama maji ya mto yapitavyo juu ya jiwe.

Ndiyo sababu mgonjwa amezapo vidonge huona nafuu kwa juma moja au mawili. Vijidudu vilivyo nje ya utando vimekufa, na homa imeshuka. Naye afurahi, aacha dawa. Halafu vile vilivyojificha vyatoka, na usaha warudi. Ugonjwa haukuanza upya, haukwenda popote.

DAKTARI ATAFANYA NINI?

Tuseme yuko mama mmoja wa Mangobo aliyewekewa goti la bandia. Majuma mawili baadaye jeraha latoa maji. Akija upesi, utando bado ni mwembamba. Daktari atafungua goti, ataosha kwa maji mengi yenye chumvi kidogo yaliyosafishwa, atakata nyama iliyokufa, atasugua, na kubadilisha kipande cha plastiki. Chuma chaweza kubaki. Kisha dawa zitafuata kwa muda wa miezi mitatu. Wengi wapatao matibabu haya mapema hulinda kiungo chao.

Lakini mama yule yule akikaa nyumbani miezi minne, njia hii haifai tena. Utando umekomaa. Hapo chuma hakina budi kutolewa. Mahali pengine wapasuaji huweza kutoa cha zamani na kuweka kipya kwa siku moja. Mahali pengi hufanya mara mbili: kwanza hutoa chuma chote na kuweka saruji ya mifupa iliyochanganywa na antibiotiki, ili dawa itoke polepole pale pale. Baada ya majuma kadha, mara nyingi sita au zaidi, vijidudu vikiwa vimekwisha, huweka kiungo kipya.

Iko njia nyingine isiyohitaji kiungo kipya. Nyonga ya bandia hutolewa, mahali pake husafishwa, nyama ya mwili hujaza pengo. Mguu huo utakuwa mfupi na mtu atatumia fimbo, lakini usaha waweza kukauka na maumivu kupungua. Njia hii yaitwa kwa jina la Girdlestone, mpasuaji wa Oxford. Katika goti daktari aweza kuunganisha mifupa miwili iwe mmoja. Goti halikunjiki tena, lakini mtu asimama. Mahali ambapo kiungo kipya hakipatikani, usizidharau njia hizi.

Mzee dhaifu asiyeweza kupasuliwa hupewa vidonge kwa muda mrefu ili kuuzuia ugonjwa, ingawa hauponi kabisa. Na mara chache, usaha ukiwa umeenea hata kutishia uhai, daktari hulazimika kukata mguu. Hakuna daktari apendaye kazi hiyo.

SINDANO AU VIDONGE?

Watu wengi husema, «Dawa ya kweli ni sindano. Vidonge ni vya watoto.» Wengine hukasirika daktari akiwarudisha nyumbani na vidonge.

Neno hili lilipimwa Uingereza, na majibu yake yalitolewa mwaka 1959 hapana, bali juzi tu, mwaka 2019. Wagonjwa 1,054 wenye vijidudu katika mifupa na viungo waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa dawa kwa njia ya mshipa katika majuma sita ya kwanza. Kundi la pili lilipewa vidonge. Baada ya mwaka mmoja, walioshindwa kupona katika kundi la mshipa walikuwa kama 15 katika 100. Katika kundi la vidonge, kama 13. Basi vidonge vilivyochaguliwa vizuri havikushindwa na sindano.

Hii ni habari njema kwa mtu wa Lubunga au wa Yangambi asiyeweza kulala hospitalini majuma mengi. Lakini usikilize vizuri: vidonge vilivyochaguliwa na daktari aliyejua jina la kijidudu. Kidonge kilichonunuliwa kimoja kimoja kando ya njia, kilichokaa juani, si dawa ile.

MALIZA DAWA YAKO

Naamani, jemadari wa Shamu, aliambiwa ajichovye mara saba katika Yordani. Kwanza alikasirika, maana ilionekana kazi ndogo. Lakini alipokubali, alijichovya mara zote saba. Fikiri, kama angaliacha mara ya sita na kurudi kwake?

Mwaka 2021 madaktari wa Ufaransa walitoa habari za wagonjwa wapatao 400 wenye vijidudu katika kiungo cha bandia. Wote walikuwa wamepasuliwa. Nusu walimeza dawa majuma 6, nusu majuma 12. Katika wale wa majuma 6, ugonjwa uliendelea au kurudi kwa watu 18 katika 100. Katika wale wa majuma 12, ni watu 9 tu katika 100. Ndugu, majuma yale sita ya mwisho, ambayo mgonjwa hujiona mzima na kuchoka na vidonge, ndiyo yaliyopunguza hasara hata nusu.

Kuna dawa moja iitwayo rifampisini, yenye nguvu juu ya stafilokoko zilizo ndani ya utando. Hugeuza mkojo kuwa mwekundu. Usiogope, si damu. Lakini dawa hii haitumiwi peke yake, maana vijidudu huizoea upesi. Tena ndiyo dawa kubwa ya kifua kikuu, kwa hiyo daktari atapima kwanza kama huna ugonjwa huo. Nayo hupunguza nguvu za dawa nyingine, kama baadhi ya dawa za ukimwi na vidonge vya kupanga uzazi. Mwambie daktari kila dawa unayomeza, bila kuficha.

Watu wa mto huu wana sababu ya kufahamu neno hili. Yakusu, kando ya mto chini ya Kisangani, iko hospitali ya misheni ya Wabaptisti. Daktari Clement Chesterman alifika huko mwaka 1920, akapigana na malale, akawafundisha wauguzi wenyeji waliokwenda katika vijiji. Daktari Stanley Browne alifika mwaka 1936, akatibu wenye ukoma hata 1959. Dawa mpya ya ukoma ya siku zile ilikuwa dapsoni, nayo iliponya wengi. Lakini ilipotumiwa peke yake kwa miaka, vijidudu vya ukoma katika nchi nyingi vikaizoea. Kwa hiyo mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani lilishauri dawa zitolewe mbili au tatu pamoja, rifampisini ikiwa mojawapo. Atumiaye dawa ovyo leo anamnyang'anya jirani yake dawa ya kesho.

JILINDE KABLA NA BAADA

Kabla ya kuwekewa kiungo au chuma:

1. Tibu meno mabovu, majipu, vidonda na ugonjwa wa mkojo kwanza.
2. Kama una sukari katika damu, ishushwe. Acha tumbaku. Kula samaki, maharagwe, mayai na majani, ili nyama ipone upesi.
3. Oga kwa sabuni usiku na asubuhi. Usinyoe mwenyewe kwa wembe. Mikato midogo ni makao ya vijidudu.
4. Uliza swali hili: «Usaha ukiingia, nani atanitibu, na wapi?» Huo ni ujuzi, si utovu wa imani.

Baadaye:

5. Jamaa wanaokuuguza wanawe mikono kwa sabuni. Asiyeagizwa asifungue bandeji.
6. Usikande kwa maji ya moto wala kupaka majani juu ya jeraha.
7. Tunza karatasi ya upasuaji, yenye tarehe, jina la hospitali na namna ya chuma kilichowekwa. Ifunge katika mfuko wa nailoni pamoja na karatasi zako za maana.
8. Ukipata jipu au jino likivimba, hata baada ya miaka, nenda upesi, useme, «Nina chuma mwilini.»

Na mtu akivunjika mfupa njiani, mfupa ukitoka nje, mwoshe kwa maji safi mengi, mfunike kwa kitambaa safi, funga mguu kwa mti usitikisike, mpeleke hospitalini mara moja. Usitie udongo, majivu wala mafuta ya gari. Apate antibiotiki na sindano ya pepopunda mapema iwezekanavyo. Saa zile za kwanza huamua mambo ya miaka mingi.

KAZI YA KANISA

Mara nyingi, kidonda kisipopona, watu huanza kunong'ona. «Nani amemroga? Amefanya dhambi gani?» Mgonjwa husikia maneno hayo, tena ana aibu kwa sababu ya harufu ya usaha. Huacha kuja ibadani. Wengine humchukua kutoka nyumba moja ya maombi kwenda nyingine, na siku zile ambazo chuma kingeweza kuokolewa zapotea.

Ndugu, usaha una sababu yake, na sababu hiyo yaonekana kwa darubini ya maabara. Tumwombee mgonjwa, na saa ile ile tumtafutie nauli. Msamaria hakupita na maneno mema tu. Aliosha majeraha kwa divai na mafuta, akayafunga, akampandisha mtu yule juu ya mnyama wake, akalipa mwenye nyumba, tena akaahidi kurudi. Sisi tuna toleka na pikipiki na mtumbwi wa kuvukia mto. Majuma 12 ya dawa ni gharama kubwa kwa mama auzaye chikwanga. Mashemasi waweza kuweka zamu: huyu alete chakula, huyu amsindikize siku ya kupimwa damu, huyu ahesabu vidonge pamoja naye kila Jumapili.

Wako pia waitwao kwa kazi hii. Kule Goma, daktari Jo Lusi, mpasuaji wa mifupa, na mkewe Lyn, walianzisha hospitali ya HEAL Africa, ambayo imewafundisha madaktari vijana wa nchi yetu. Hapa Kisangani, chuo kikuu chetu kilianzishwa mwaka 1963 na makanisa ya Kiprotestanti. Kama una mwana apendaye kazi ya mikono na asiyeogopa damu, umtie moyo. Luka pia alikuwa tabibu.

MASWALI YA KUJIULIZA

Je, katika nyumba yetu yuko mwenye chuma mwilini, na karatasi yake iko wapi?

Je, kuna kovu lenye tundu litoalo usaha, ambalo tumelizoea?

Je, kuna dawa iliyoachwa kabla ya siku zake?

Kama jibu lolote limekushtua, usingoje mwisho wa mwezi. Kesho asubuhi omba, kisha ondoka uende.